Columbo humjua muuaji wakati gani?

Mwalimu wa Maigizo, Bagamoyo

Shikamooni wakubwa, na habari zenu wengine wote. Ninafundisha uigizaji kikundi cha vijana hapa Dunda, Bagamoyo, na miezi hii tumekuwa tukiitazama upya tamthilia ya Luteni Columbo, ile ya Marekani aliyoicheza Peter Falk, kwa kuwa tunaandaa mchezo wetu wa jukwaani wenye umbo kama lake. Kwa asiyeikumbuka vizuri, umbo lenyewe ni hili: mtazamaji anaoneshwa mauaji mwanzoni kabisa, anamwona muuaji kwa sura na jina, anaona jinsi anavyofuta alama na kujitengenezea ushahidi kwamba alikuwa mahali pengine, na baada ya hayo yote ndipo anapoingia mpelelezi mwenye koti lililokunjamana na sigara nene mkononi, akauliza maswali yanayoonekana hayana kichwa wala miguu, akaaga, akafika mlangoni, kisha akageuka na kusema kuna jambo moja dogo alilisahau.

Sasa kijana anayecheza mpelelezi wetu ameniuliza hivi: "Mwalimu, mimi namjua muuaji tangu lini?" Swali hili limenishughulisha kuliko nilivyotarajia. Mwigizaji hawezi kusimama jukwaani bila kujua mhusika wake anajua nini. Ikiwa mpelelezi anajua tangu anapovuka kizingiti, basi kila swali lake ni mtego na upole wake wote ni wa kujifanya. Ikiwa hajui, upole ni wa kweli na maswali ni ya kweli, na hapo sauti, macho, hata namna ya kupokea kikombe cha chai kutoka kwa mwenye nyumba hubadilika.

Nimerudi kwenye vipindi kutafuta jibu, nikisimamisha picha kila Columbo anapokutana na muuaji kwa mara ya kwanza, lakini uso wa Falk haufunguki kwa urahisi. Jicho lake la kulia lilikuwa la bandia tangu alipotolewa jicho akiwa na umri wa miaka 3 kwa sababu ya saratani, na mtazamo wake wa kukodoa unafanya iwe vigumu kusema kama anamtazama mtu au anatazama zulia. Wakati mwingine nahisi tayari anajua, na wakati mwingine nahisi anasumbuliwa kweli na kitu asichoweza kukitaja. Vipo vipindi 69, vilivyotengenezwa kati ya mwaka 1968 na 2003, na sina uwezo wa kuvipitia vyote kabla ya mchezo wetu.

Ombi langu kwenu mnaoipenda tamthilia hii ni mnioneshe mahali hasa, katika kipindi chochote, ambapo wakati huo wa kujua unaonekana. Tafadhali msinijibu kwamba anajua kwa sababu mwandishi anajua. Jibu hilo kijana wangu hawezi kuliigiza.

Karani Mstaafu, Tanga

Marahaba, mwalimu, na hongera kwa kazi hiyo. Mimi nilifanya kazi masjala ya mahakama hapa Tanga mpaka nilipostaafu, na nimeitazama tamthilia hii kwa jicho la mtu aliyezoea kuona majalada yakipanda juu na kurudi chini. Nadhani ugumu wako unatokana na kutafuta wakati mmoja ilhali zipo nyakati tatu: wakati mpelelezi anaposhuku, wakati anapokuwa na hakika moyoni, na wakati anapoweza kuthibitisha. Columbo hushuku mapema mno, mara nyingi ndani ya mazungumzo ya kwanza. Hakika humjia baadaye kidogo. Uthibitisho humchukua muda wote uliobaki, na muda huo ndio hasa tamthilia yenyewe.

Chukua kipindi cha kwanza cha mfululizo wa kawaida, kilichorushwa Septemba 1971 na kuongozwa na Steven Spielberg akiwa bado kijana. Mwandishi wa riwaya, anayechezwa na Jack Cassidy, anamuua mwenzake waliyekuwa wakiandika pamoja, kisha anaulaza mwili kwenye bustani ya nyumba yake mwenyewe ili ionekane kuna genge linalotoa onyo. Polisi wanafika, taa zinawashwa, watu wanapishana, na mtu huyu ambaye rafiki yake wa miaka mingi yuko pale nje amefunikwa shuka anapata utulivu wa kufungua barua zake na kusoma bili. Columbo anauona mkono ukichana bahasha. Hapo pana shaka, mwalimu, wala hapana ushahidi hata chembe, kwa maana hakuna sheria inayomkataza mfiwa kusoma barua.

Hiyo ndiyo sababu mpelelezi anarudi na kurudi. Ushahidi wa mazingira unaweza kumtia mtu hatiani, hata kwetu, lakini lazima mambo yote yaelekee kwa mshtakiwa na yasielezeke kwa njia nyingine ya busara isipokuwa hatia yake; Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema hivyo mwaka 1958 katika shauri la Simoni Musoke, na mawakili wanalinukuu mpaka leo. Ukikitazama kipindi chochote ukiwa na kanuni hiyo kichwani, utaona kwamba kila safari ya Columbo mlangoni kwa mtuhumiwa ni ya kuziba njia moja ya kutokea. Mtuhumiwa anatoa maelezo, Columbo anashukuru kwa dhati kabisa, anaandika kwenye kijitabu chake, na kesho yake anarudi akiwa amegundua kwamba maelezo yale hayasimami.

Nikiri pia kwamba miisho mingine inanitia wasiwasi, si kama mtazamaji bali kama karani. Muuaji anapokubali kwa maneno sebuleni, tamthilia inaisha na sisi tunaridhika, lakini mahakamani ndipo mambo yangeanza. Sheria yetu ya Ushahidi, Sura ya 6, inakubali maungamo ambayo mtuhumiwa ameyatoa kwa polisi kwa hiari yake, na mzigo wa kuthibitisha hiari hiyo uko kwa upande wa mashtaka. Mtuhumiwa akiyakana, inafunguliwa kesi ndani ya kesi ili kuamua kama aliyatoa kwa hiari, na nimeshuhudia mashauri mazito yakidhoofika hapo. Kwa hiyo, katika mchezo wenu, naomba mwisho usiegemee kwenye kukiri. Mpeni muuaji tendo la kufanya kwa mkono wake mwenyewe.

Jambo jingine moja kabla sijaaga. Lile gari bovu la Columbo ni Peugeot 403, lililotangulia zile 404 ambazo sisi wa umri wangu tunazijua kwa ushindi wake katika mbio za Safari. Halikuwekwa pale kwa mapambo. Tajiri anachungulia dirishani, analiona gari lile likikohoa mbele ya nyumba yake, na papo hapo anaacha kumwogopa mtu anayeshuka ndani yake. Hofu ikishaondoka, ulimi unalegea. Mtafutieni mpelelezi wenu kitu cha namna hiyo.

Mpigapicha wa Ngamiani

Shikamoo, mzee Karani. Umenikumbusha kipindi ninachokipenda kuliko vyote, na nadhani kinajibu ombi lako la tendo la mkono pamoja na swali la mwalimu.

Ni cha mwaka 1974, na muuaji, anayechezwa na Dick Van Dyke, ni mpigapicha mashuhuri. Anamfunga mkewe kwenye kiti, anampiga picha huku saa ikionekana nyuma yake, halafu anamuua na kumsingizia mfungwa aliyetoka jela karibuni kwamba ndiye aliyemteka. Saa katika picha ameigeuza ionekane ni saa nane mchana, wakati ambao yeye anaweza kueleza vizuri alikuwa wapi.

Mwishoni Columbo anamwita kituoni na kumwonesha picha ileile ikiwa imekuzwa, isipokuwa saa iliyo nyuma ya mke sasa inaonesha saa nne asubuhi. Sisi tuliozoea kusafisha picha kwenye chumba cha giza tunajua kilichofanyika: ukiiweka negativu kinyume kwenye mashine ya kukuzia, kushoto kunakuwa kulia, na mshale uliokuwa kwenye mbili unahamia kwenye kumi. Ni kosa ambalo kila mwanafunzi wa studio alilifanya, na mteja aliligundua mara moja kwa sababu vifungo vya shati lake vilikuwa vimehamia upande wa kike. Columbo anamwambia kwamba picha ya asili imeharibika na haipo tena. Mpigapicha anapandwa na hasira ya kitaaluma, anasema imegeuzwa, anasema negativu imo ndani ya kamera na itathibitisha, kisha anakwenda kwenye rafu iliyojaa kamera za ushahidi na kuichukua kamera moja bila kusita. Ni ile ile iliyotumika. Ni mtu aliyepiga picha ile tu angeweza kuitambua, na polisi waliosimama pale wote wameona.

Zitazame tena, mwalimu, dakika zile za mwisho. Columbo katika tukio lile anajua kila kitu, na bado anajifanya mtu aliyechanganyikiwa na picha asiyoielewa. Falk anaigiza mtu anayeigiza. Ukilinganisha na mwanzo wa kipindi hicho hicho, pale anapouliza maswali kwa kweli, utaona tofauti ndogo: mwanzoni mikono yake haitulii, inapapasa mifukoni ikitafuta kalamu na kiberiti, na macho yanafuata vitu vilivyomo chumbani, mwishoni mikono bado inapapasa, lakini macho hayatoki kwa mtuhumiwa. Hiyo ndiyo alama niliyoigundua kwa kuwa kazi yangu ni kutazama macho ya watu. Mfundishe kijana wako kwamba kabla ya kujua macho yake yako kwenye vitu, na baada ya kujua macho yako kwa mtu, huku mikono ikiendelea vilevile.

Msomaji wa Bwana Msa

Mimi nitasema kwa ufupi kwamba sijawahi kuelewa kwa nini mtu amfichue muuaji mwanzoni. Tumelelewa na hadithi za Muhammed Said Abdulla, ambamo mpelelezi Bwana Msa anavuta kiko chake na sisi tunabaki gizani pamoja na rafiki yake Najum mpaka ukurasa wa mwisho, na utamu wote uko kwenye kukisia. Hata hivyo nakubali kwamba hadithi za namna hiyo nikizirudia nazisoma kwa ajili ya lugha na watu wake, kwa sababu fumbo limeshafumbuliwa, ilhali Columbo hana fumbo la kupoteza, kwa hiyo kumtazama mara ya pili hakukupunguzii kitu. Huenda hilo ndilo jibu la kwa nini mnaendelea kumrudia.

Binti Kaole, Bagamoyo

Mwalimu, sisi ni majirani, na nitakuja kuutazama mchezo. Naomba niongeze jambo ambalo mzee Karani amelikaribia alipozungumzia bahasha, kwa sababu naamini limo katika vipindi vingi kuliko inavyoonekana.

Rudi kwenye filamu ya kwanza kabisa, ya mwaka 1968. Kabla haijawa filamu ilikuwa mchezo wa kuigiza. Richard Levinson na William Link waliiandika kwa ajili ya jukwaa, na mwaka 1962 Thomas Mitchell ndiye aliyemcheza Columbo, miaka sita kabla ya Falk. Kwa hiyo mnachokifanya ninyi hapo Dunda ni kuirudisha nyumbani, na si ajabu kwamba mahitaji ya mwigizaji yanapata majibu humo.

Katika filamu hiyo daktari wa magonjwa ya akili anamuua mkewe kwa msaada wa hawara yake, ambaye anavaa nguo za marehemu, anapanda naye ndege, wanagombana mbele ya abiria, kisha mwanamke anashuka kwa hasira kabla ndege haijaondoka. Kwa mahesabu ya daktari, dunia nzima inaamini mke amerudi nyumbani akiwa hai na mume amesafiri. Daktari anarejea baada ya siku chache, anafungua mlango na kuingia, na Columbo yumo ndani anasubiri. Baadaye anamweleza daktari kilichomkera: mtu anarudi kutoka safari, anajua alitengana na mkewe kwa ugomvi, anajua mkewe yumo ndani, na anaingia kimya bila kumwita.

Ifikirieni hali hiyo kwetu. Mume anarudi safari, mke yumo ndani na wamegombana, naye anaingia bila hodi, bila salamu, bila hata kukohoa mlangoni ili ajulikane amefika. Hakuna mwanamke wa mji huu ambaye angehitaji alama za vidole kujua pana tatizo. Anayeingia kimya anajua hakuna wa kumwitikia.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo Columbo anapojua, na nasema anajua, si kwamba anashuku tu. Kuhusu hili natofautiana kwa heshima na mzee Karani. Sheria inaweza kuiita shaka kwa sababu haiwezi kuitumia, lakini mtu aliyelelewa na watu anapoona mfiwa ameruka jambo ambalo mwenye uchungu hawezi kuliruka, huwa hana shaka tena. Kufungua bili wakati rafiki yuko nje chini ya shuka ni jambo la aina hiyo hiyo. Wauaji wa Columbo ni watu wenye akili na mali, wamefikiria glavu, saa, tiketi na simu, lakini hawakumfikiria marehemu kama mtu ambaye angeitwa, angeliliwa, angesubiriwa.

Kipo pia kipindi ambacho kujua kwenyewe kunabadilika, nacho ni cha mwaka 1975, Janet Leigh akicheza nyota wa zamani wa filamu za muziki. Columbo anamtambua kuwa ndiye aliyemuua mumewe, lakini anagundua vilevile kwamba ana ugonjwa wa ubongo usiotibika, hana muda mrefu wa kuishi, na kumbukumbu zake zimeharibika kiasi kwamba hakumbuki tendo lake. Rafiki yake wa tangu enzi za usanii anajitokeza na kudai yeye ndiye muuaji. Columbo anamwambia waziwazi kwamba madai hayo hayatadumu, yule bwana anajibu kwamba yanaweza kudumu muda unaohitajika, na Columbo anakubali. Mwoneshe kijana wako uso wa Falk katika tukio hilo. Amejua kwa muda mrefu, hana mtego wa kutega, na upole ule ule tuliodhani ni mbinu umebaki pale pale. Ndiyo maana sikubaliani na wazo kwamba akishajua, upole wake unakuwa wa kujifanya.

Mwalimu wa Maigizo, Bagamoyo

Nawashukuru sana. Nimewasomea vijana majibu yenu yote, na yamebadilisha mchezo.

Muuaji wetu ni tajiri mwenye majahazi aliyemuua mdogo wake kwa ajili ya mali ya baba yao. Hadi juzi mpelelezi alikuwa anaanza kumshuku kwa sababu ya alama za matope kwenye kanzu, jambo ambalo sasa naliona la kawaida mno. Baada ya kumsoma Binti Kaole tumeliondoa tope. Sasa habari ya kifo inaletwa barazani, watu wanasimama, wanawake ndani wanapaza kilio, na kaka mtu, kabla ya kuuliza maiti iko wapi na nani ataiosha, anauliza funguo za ghala ziko kwa nani. Mpelelezi yuko pembeni anakunywa kahawa, na anapaswa kuendelea kuinywa. Kijana wangu ameamua kwamba hapo ndipo anapojua. Alama ya macho aliyoitaja Mpigapicha tumeijaribu, nayo inafanya kazi: kabla ya neno lile kijana anatazama kanzu, majamvi na viatu vilivyovuliwa mlangoni, na baada ya neno lile hamtazami mwingine isipokuwa kaka mtu, huku mkono ukizungusha kikombe kama mwanzo. Wenzake walioketi sakafuni waliona badiliko hilo bila kuambiwa.

Kuhusu upole, nimemwambia asiuache hata mara moja, na nimempa kile kipindi cha Janet Leigh akitazame peke yake.

Kilichobaki ni uthibitisho. Mzee Karani, ulituonya tusimalizie kwa kukiri, na hatuna kamera wala picha. Tuna ghala, kufuli na funguo. Je, vinatosha?

Karani Mstaafu, Tanga

Vinatosha, mwalimu, ikiwa mtavipanga vizuri, na Binti Kaole nampokea hoja yake ingawa jalada langu lisingeipokea.

Fanyeni kwamba marehemu alibadilisha kufuli la ghala jioni ile ile ya kifo chake, na aliyemuuzia kufuli akampa funguo mbili. Mmoja marehemu alimwachia mkewe, na mwingine alikuwa nao mfukoni alipouawa. Kaka mtu anadai hakumwona mdogo wake wiki nzima. Aliuchukua ufunguo mfukoni mwa maiti, akautumia usiku ule kuingia ghalani, kisha akautupa, na polisi wakauokota bila yeye kujua. Sasa mpelelezi na amwite ghalani, pamoja na mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili wasio ndugu, amwoneshe sinia lenye funguo nyingi zinazofanana kwa ukubwa, amwambie kwa unyonge kwamba amejaribu na kushindwa kufungua, na mjane yuko eda hawezi kusumbuliwa. Mwenye pupa ya mali atanyoosha mkono mwenyewe. Akiuchukua ufunguo sahihi mara ya kwanza, aeleze aliujulia wapi ufunguo wa kufuli ambalo, kwa maelezo yake, hajawahi kuliona.

Zingatieni mambo mawili tu. Muuza kufuli awepo katika mchezo mapema, aonekane akiuza, ili asije mwishoni kama shahidi aliyeokotwa njiani. Na mpelelezi asimwambie mtuhumiwa achague, wala asilisogeze sinia kwake, kwa kuwa wakili wa utetezi ataanzia hapo hapo.